Kumlea muuguzi mpya ili amwone mtu, siyo orodha ya kazi: jibu langu kwa mleta mada

Dada mleta mada, hongera, na pole kidogo, maana ulichokabidhiwa ni kikubwa. Umesema umepewa wauguzi wapya wawili uwalee. Mikono yao mizuri, dripu wanaweka, dawa hawakosei, ila mgonjwa kwao ni orodha ya kazi za kumaliza kabla ya kukabidhi zamu. Unauliza utawafundishaje kumwona mtu wakati wodi imejaa, na kama kweli jambo hilo linafundishika, kwa sababu wapo waliokujibu kwamba huruma mtu huzaliwa nayo.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watu wazima kwa miaka mingi sasa. Nililelewa vizuri na nimelea wengi. Linafundishika, ila haliingii kwa mawaidha. Muuguzi mpya humhudumia mgonjwa kwa namna anayohudumiwa yeye na mlezi wake. Ukimuuliza kila mara "umemaliza?", atakimbilia kumaliza. Ukimuuliza "umeona nini?", ataanza kutazama.

Nianze na hilo la kuzaliwa nayo. Mwaka 2009 mtafiti Mohammadreza Hojat na wenzake huko Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa udaktari tangu wanaingia chuoni. Uwezo wao wa kuielewa hali ya mgonjwa ulishuka mwaka wa tatu, yaani mwaka ambao mafunzo yao yanahamia kwa wagonjwa. Hao ni wanafunzi wa udaktari, lakini ninachokiona kwa wauguzi ni hichohicho: wanakuja nao moyo huo, halafu unawatoka wakiwa mikononi mwetu. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuulinda usipotee.

Sista aliyenilea mimi hakuanza kwa kunionyesha kabati la dawa. Alinikalisha, akaniuliza ninaogopa nini katika kazi hii. Nikamwambia naogopa mgonjwa akate roho nikiwa naye peke yangu. Hakunituliza kwa maneno. Alilishika lile jibu, na mgonjwa wa kwanza aliyekuwa akielekea kufariki katika zamu yetu, aliniita nikae naye upande wa pili wa kitanda. Akanionyesha jinsi ya kulowesha midomo iliyokauka, jinsi ya kumgeuza bila kumuumiza, jinsi ya kumwambia mkewe kwamba anaweza kumshika mkono na kuzungumza naye hata kama hajibu. Baada ya zamu akaniuliza ile hofu imefikia wapi. Nilikuwa nimesikilizwa na mtu aliyekumbuka nilichosema, na tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wagonjwa swali lilelile, kwa sababu nilijua linamfanyia mtu nini.

Basi usianze na fomu za tathmini. Anza kwa kuwajua hao wawili: nani anaogopa nini, nani alimuuguza mzazi nyumbani kabla ya kuwa muuguzi, nani anaamini kwamba mgonjwa anayelalamika sana haumwi. Wauguzi watafiti Brendan McCormack na Tanya McCance, ambao mfumo wao wa huduma inayomlenga mtu ulichapishwa 2006, walianza na mhudumu mwenyewe: ujuzi wa kazi, ujuzi wa kuishi na watu, kuijali kazi, kujua anaamini nini, kujijua. Katika mchoro wao unapita kwanza kwa mhudumu, kisha mazingira ya kazi, ndipo unafika kwenye huduma na matokeo yake. Wengi wetu tunataka kurukia katikati.

Sasa twende wodini. Sikiliza wanavyokabidhi zamu. "Kitanda cha saba, kisukari, kidonda kimefungwa, hana shida." Usimkaripie mtu mbele ya wenzake kwa maneno hayo. Wewe zamu yako ikifika, taja jina la mgonjwa, kisha ugonjwa, kisha jambo moja alilokwambia kwa mdomo wake: "Hakulala, anamuwaza mtoto aliyemwacha nyumbani." Fanya hivyo kila zamu bila kulitangaza kama somo. Baada ya muda utawasikia nao wakisema hivyo, na wakisema, wapokee habari hiyo kwa uzito uleule unaoupa presha na joto la mwili: uliza maswali, toa agizo.

Kujitambulisha nako ni hivyo hivyo. Kate Granger, daktari wa Uingereza aliyekuwa na saratani, alipolazwa 2013 aliona wahudumu wengi wanamjia bila kumwambia majina yao, akaanzisha kampeni ya kuwahimiza wajitambulishe. Huyo alikuwa daktari, anaijua hospitali, na bado alilihisi pengo hilo. Fikiria yule ambaye hajawahi kulazwa.

Kisa kinachofuata nitakieleza kwa urefu, maana ndani yake mna sehemu kubwa ya ulichouliza. Nilikuwa na binti ninayemlea, hodari sana. Akaandika kwenye faili la mzee mmoja: hatoi ushirikiano, amekataa kuogeshwa. Nikamuuliza, amekataa nini hasa? Maji? Baridi? Maumivu? Sisi? Hakujua. Nikamwambia arudi bila beseni, avute kiti, amuulize. Mimi nikaenda kitanda cha jirani kunyoosha mashuka, karibu kiasi cha kusikia akikwama, mbali kiasi cha mzee kuelewa kwamba mazungumzo ni yao wawili.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Binti akanitazama. Nikaendelea na mashuka. Hapo ndipo kulea kunapouma, dada yangu, kwa sababu maneno ya kumtoa mzee kwenye ukimya nilikuwa nayo mdomoni. Ningeingilia, mzee angeoga, na binti angejifunza kwamba mimi najua kuzungumza na wazee. Nikangoja. Mwishowe mzee akasema, "Mwanangu, wewe ni rika la kitinda mimba wangu. Siwezi."

Walielewana. Uso, kifua na sehemu za siri atajisafisha mwenyewe, pazia likiwa limefungwa na beseni likiwa karibu. Mgongo na miguu, ambako hafiki, binti atamsaidia, na akiwepo muuguzi wa kiume ataitwa. Binti akayaandika hayo kwenye faili kama maelekezo, ili zamu ya usiku isiyaanze upya. Zingatia hapo mwisho: ulichokijua kuhusu mtu kisipoandikwa kinakwenda nyumbani na wewe.

Kisha tukaingia chumba cha dawa, tukafunga mlango. Sikumpa pongezi kwanza. Nilimuuliza alihisi nini mzee aliponyamaza. Akasema alidhani anadharauliwa kwa sababu ni mpya. Nikamuuliza, na ulipoandika hatoi ushirikiano, ulikuwa ukimwandika mzee au hisia yako? Akafikiri sana, akasema, "Yangu." Mazungumzo hayo yalikuwa mafupi, na kwa maoni yangu yalifanya kazi kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria kuhusu heshima kwa mgonjwa. Mtu akishaona hofu yake mwenyewe ilivyogeuka kuwa lawama kwenye faili la mwingine, haandiki tena sentensi ile kwa wepesi.

Kwa hiyo baada ya zamu usiulize "imeendaje?", utajibiwa "vizuri". Uliza: umejua nini kuhusu huyu mtu ambacho hakimo kwenye faili? Ni wapi ulitaka kuondoka, na ni nini kilikuzuia? Yeye angekuwa mama yako, ungetaka zamu ijayo ijue nini? Swali moja linatosha kwa siku. Wakati mwingine halijibiki, liache lilale.

Muda. Najua utasema hakuna muda, na ni kweli, siwezi kukudanganya kwamba wodi iliyojaa ni sawa na iliyo na nafasi. Lakini tofautisha muda na kukatiza watu. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walionyesha kwamba madaktari waliowachunguza walikuwa wakimkatiza mgonjwa, kwa wastani, sekunde 18 tu baada ya kuanza kueleza shida yake. Utafiti mwingine wa 1999 ukakuta sekunde 23, na pia kwamba wagonjwa walioachwa wamalize walitumia, kwa wastani, sekunde 6 tu zaidi ya waliokatizwa. Waambie hao wako wawili jambo hilo, halafu wape zoezi: leo, kwa mgonjwa mmoja tu, usiseme kitu hadi anyamaze mwenyewe. Wakati anaongea unaweza ukawa unafunga kidonda au unapima presha. Muda mwingi wa kumsikiliza mtu umo ndani ya kazi unazozifanya tayari, mikono ikifanya kazi na mdomo ukiwa umefungwa.

Usikivu huo unaokoa na matibabu. Kuna mama wa kisukari aliyekuwa akirudi wodini sukari ikiwa juu, na kila mara anapewa somo lilelile la kuchoma insulini bila kukosa. Kijana niliyekuwa nikimlea aliandaa somo hilo kwa bidii. Nikamwomba aliweke pembeni, amwombe mama asimulie siku yake tangu anaamka hadi analala. Ikajulikana kwamba usiku hakuwa na uhakika wa kula. Watoto kwanza, kikibaki ndipo naye. Aliwahi kuchoma akalala na njaa, sukari ikashuka akatetemeka na kuloa jasho, na tangu hapo sindano ya jioni anairuka. Yule mama alikuwa na akili timamu na sababu nzuri. Kijana akalipeleka jambo hilo kwa daktari, dozi na saa za kuchoma zikaangaliwa upya kulingana na ulaji wake, na ustawi wa jamii wakaitwa kwa habari ya chakula. Nilimwacha kijana aeleze mwenyewe kwenye mzunguko wa madaktari. Mlezi anayechukua maneno ya anayemlea na kuyasema yeye anamnyang'anya kitu kikubwa.

Jambo ambalo watu hawalipi uzito: kama wewe ndiye utakayewapa alama za kufaulu au kushindwa, hawatakwambia ukweli. Nani atamwambia mtahini wake "nilichukizwa na mgonjwa" au "nilijifanya sijamsikia akiita"? Na bila maneno hayo hakuna cha kulea. Uingereza, baraza la wauguzi na wakunga lilitenganisha kazi hizo mbili katika viwango vyake vya 2018: anayemsimamia mwanafunzi wodini ni mmoja, anayempima ni mwingine. Mwombe muuguzi mkuu wa wodi tathmini ifanywe na mtu mwingine. Akikataa, waambie wazi hao wawili tangu mwanzo ni mambo gani utayapeleka juu bila kuuliza, yaani yale yanayohatarisha mgonjwa, na ni yapi yatabaki kati yenu. Kisha ulinde ahadi hiyo. Ukivujisha siri moja tu, umemaliza.

Usiwalee kila mmoja kivyake muda wote. London miaka ya 1950, Michael na Enid Balint, wataalamu wa tiba ya kisaikolojia, walikuwa wakikaa na kikundi cha madaktari, mmoja anaeleza mgonjwa anayemsumbua moyoni na wenzake wanamsaidia kuutazama uhusiano wake na mgonjwa huyo. Hamhitaji mtaalamu wa saikolojia kuanza. Mnahitaji chumba, mgonjwa mmoja wa kuzungumzia, na makubaliano kwamba hakuna anayetoa suluhisho kabla mwenzake hajamaliza.

Tahadhari mbili za haraka. Kumweka mtu katikati hakuna maana ya kumpa kila anachotaka. Anayedai antibayotiki kwa mafua anastahili kuelezwa kwa heshima kwa nini hazimsaidii, na unayemlea ajue kukataa bila kumdhalilisha mtu. Pili, wewe ni mlezi wao kazini. Wakibeba huzuni inayozidi kazi, wasaidie wampate mshauri nasaha, usiifanye yote iwe yako.

Kuhusu ulichosema mwishoni, kwamba wakubwa wengine wodini wanawafokea wagonjwa mbele ya hao vijana: hilo usilinyamazie. Wakishaliona na wewe ukapita kimya, somo lako la wiki nzima limefutwa. Mfuate mwenzako faraghani, mwambie ulichokiona na ulichosikia, bila kumpachika tabia. Kisha waulize vijana waliona nini na wangefanya nini, ili wajue kwamba jambo lile lina jina na linazungumzika. Likiendelea, lipeleke kwa uongozi kwa maandishi, wewe mwenyewe. Usimtume mgeni kazini akapigane vita hiyo.

Na kabla hujaanza kuubeba mzigo huu, kaa na mkuu wa wodi umwombe mambo haya: zamu zako na zao zipangwe pamoja angalau miezi ya mwanzo, idadi ya wagonjwa wako ipunguzwe siku mnazokuwa pamoja, na dakika chache za mazungumzo baada ya zamu zihesabiwe kuwa kazi. Kuwalea watu mnaopishana mlangoni haiwezekani, nimejionea. Akikupa hata hilo la kwanza peke yake, anza nao wiki hii.