Ukienda Arbroath Kutazama Mpira, Usikae

Watanzania wenzangu mlioko Scotland, kila wiki mnanipigia simu kuuliza tiketi za Celtic zinapatikanaje. Nikiwaambia twendeni Arbroath mnacheka. Haya, leo nawaandikia.

Arbroath ni mji wa wavuvi, kama dakika 20 kwa treni kutoka Dundee ninakosoma. Uwanja wao, Gayfield, uko ufukweni kabisa. Nyuma ya ukuta ni Bahari ya Kaskazini, na siku bahari ikichafuka mawimbi huruka ukuta yakawalowesha watu. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia Mkwakwani nikiishangilia Coastal Union, nikajiona bahari naijua. Kusi naijua, kaskazi naijua. Upepo wa pale bado sijaupatia jina.

Siku ya kwanza ilikuwa Desemba, nami nimevaa koti la kupigia picha. Dakika ya 20 vidole sivisikii, na simu iliyokuwa na chaji nusu ikazima yenyewe kwa baridi. Kwa hiyo: soksi pea mbili, suruali nyepesi ndani ya suruali, glovu, mzula. Viatu viwe na soli nene, maana baridi yenyewe inapandia miguuni kutoka kwenye zege. Mechi inaanza saa tisa alasiri, na mwezi huo kabla ya saa kumi jua limeshazama, mnabaki na taa.

Halafu asubuhi, kabla hujakata tiketi ya treni, angalia taarifa za klabu. Kuna klabu nyingine, sitaitaja, niliisafiria mwendo wa saa mbili nikakuta geti limefungwa na karatasi imebandikwa: uwanja umeganda, mechi imeahirishwa. Refa alikuwa ameukagua mapema akaona ni mgumu kama saruji. Wenyeji wote walikuwa na habari, nikabaki mimi na geti.

Sasa hilo la kutokukaa. Viti vipo, lakini raha haiko huko. Sehemu kubwa ya Gayfield ni ngazi za zege za kusimama, na mechi za kawaida unazunguka utakavyo. Wenyeji husimama nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia. Ikifika mapumziko wanahama wote kwenda upande wa pili, kikombe mkononi, wanapishana na wageni wanaokuja huku, wanataniana kidogo, basi. Nenda nao. Sisi tuliolelewa na kibanda umiza tumezoea mpira wenye mtangazaji; pale unamsikia kipa akimfokea beki wake, unasikia kiatu kikigonga ugoko. Na ukisimama peke yako, dakika kumi haziishi kabla mtu hajakusemesha.

Aliyenisemesha mimi ni mzee mmoja mwenye skafu rangi ya damu ya mzee. Kiingereza chake nilikipata nusu. Wakati huo kipa wa wageni alipiga mpira juu kutoka mikononi. Ukapanda, ukasita hewani, ukarudi ukapita juu ya kichwa chake na kutoka nyuma ya goli lake mwenyewe. Kona! Nikacheka mpaka machozi. Mzee hakucheka. Akasema, "Leo upepo umetulia, mwanangu."

Ni yeye aliyenisimulia habari za tarehe 12 Septemba 1885, Arbroath ilipoifunga Bon Accord ya Aberdeen 36-0 katika Kombe la Scotland. Mchezaji wao Petrie peke yake alifunga 13. Inasemekana kipa wa Arbroath alikosa kazi, akajikinga mvua kwa mwavuli wa mtazamaji. Ila kilichompandisha mzee sauti ni msimu wa 2021/22: vijana wenye ajira zao nyingine, mazoezi jioni, wakamaliza wa pili katika daraja la pili, wakabakiza kidogo kupanda ligi kuu. Mkisimuliwa hayo, msilete habari za Celtic na Rangers. Nililigusa jina moja tu, mzee akageuka kutazama bahari.

Bia kwa watazamaji wa kawaida hakuna, ni sheria tangu fujo za fainali ya Kombe la Scotland ya 1980 pale uwanja wa Hampden, Glasgow, hivyo ukiwa na mtoto mpeleke bila wasiwasi. Kuna pai za nyama, kwa desturi ya kondoo. Anayeangalia halali achukue ya makaroni na jibini. Lakini mimi nashauri mfike mapema mkale bandarini. Samaki aina ya haddock hufungwa wawili wawili mikiani, wakaning'inizwa juu ya moto wa magogo mpaka ngozi iwe rangi ya shaba. Unakula kwa mkono, wa moto, kwenye karatasi. Ndimu na pilipili vingekuwepo, mechi ningeisahau.

Kipindi cha pili mzee aliona masikio yangu, akatoa mfukoni mzula wake wa akiba akanivika mwenyewe, kama mtoto. Mechi ikaisha sare, nikaondoka nao kwa bahati mbaya. Wiki mbili baadaye nikamtafuta nyuma ya goli nimrudishie. Akaangalia kichwa changu, akaangalia bahari, akakataa.