Jibu: Redio zetu za ulinzi, wengine wanatusikia?

Ndugu, umeuliza kama ule "msimbo wa faragha" kwenye redio zenu za upepo unazuia watu wa nje kusikiliza. Hauzuii hata kidogo. Ni mlio wa chini, kati ya hezi 67 na 254, unaosafiri pamoja na sauti. Redio yako inaziba spika mpaka iusikie. Mwenye redio isiyowekewa msimbo, akifika kwenye masafa yenu, anawasikia neno kwa neno.

Usimbaji wa kweli hugeuza sauti kuwa namba, kisha namba huvurugwa kwa ufunguo wa siri uliopakiwa kwenye redio zote za kundi. Asiye nao anaambulia kelele. Ulizieni mfumo wa usimbaji uitwao AES, wenye ufunguo wa biti 256. Muuzaji akisema tu "ina siri" bila kutaja mfumo, msilipe kwanza: mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba TEA1, mfumo mmojawapo wa usimbaji wa redio za TETRA (redio za kidijitali zinazotumiwa na polisi na vikosi vya dharura), hupunguza ufunguo wake wa biti 80 hadi 32, na kompyuta ya kawaida huuvunja kwa dakika chache.

Na redio moja ikiibwa, badilisheni ufunguo kwenye zote zilizobaki siku hiyohiyo.