Muulize Mwalimu wa Kompyuta: Lebo za disketi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa kudarizi. Mashine yangu ni ya zamani, inasoma disketi za inchi 3.5 tu, na humo ndimo zilimo nembo za shule zote ninazoshonea sweta. Lebo niliziandika kwa mkono, wino umefifia, na juzi moja ilibanduka ikabaki ndani ya draivu. Nyumbani nina kompyuta na printa. Nichape vipi lebo zitakazodumu?
Fundi wa nembo, Mombasa

JIBU: Marahaba, fundi. Pole kwa draivu. Kwanza ondoa lebo kuukuu zote, maana najua mafundi wengi hubandika mpya juu ya ile ya zamani. Disketi ina unene wa milimita 3.3 tu, na mdomo wa draivu umetengenezwa kwa kipimo hicho. Ukirundika karatasi mbili tatu, ukingo unakwaruzwa kila unapoingiza, unainuka, na mwisho lebo inabaki ndani. Gundi iliyosalia ifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mbali na kile kibati kinachoteleza.

Steshenari ulizia karatasi za A4 zenye lebo za milimita 70 kwa 52, kumi kwa karatasi moja. Hizo zinaenea uso wa mbele wa disketi. Zipo pia za milimita 70 kwa 70, ambazo hukunjwa juu ya ukingo na kumalizikia mgongoni. Mimi nazipenda hizi zaidi, kwa sababu disketi zikisimama ndani ya boksi ni ule ukingo unaoonekana. Chapa namba hapo kwenye mkunjo, utachomoa unayoitaka bila kuzipekua zote.

Ukitumia zile za lebo kumi, fungua Word au LibreOffice, tengeneza jedwali la safu wima 2 na mistari 5, kila mstari ufungwe kwenye kimo cha milimita 52 usijitanue wenyewe. Ukingo wa juu, wa kushoto na nafasi kati ya safu zipime kwa rula kwenye karatasi uliyonunua. Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama: dirisha la kuchapa mara nyingi limewekwa lipunguze ukurasa ili uenee. Weka asilimia 100. Ikipunguza hata asilimia 3, mistari mitano inapoteza karibu milimita 8, na maandishi ya lebo moja yanaingia kwenye jirani yake. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, iweke juu ya karatasi ya lebo, ziinue pamoja dirishani uone kama zimelingana.

Kama printa yako ni ya wino wa maji, ujue unyevu wa pwani na vidole vyenye jasho vitachafua maandishi. Leza ni bora zaidi kwa kazi hii. Lakini inatumia joto kali, kwa hiyo nunua lebo zilizoandikwa kuwa ni za leza, na usirudishe ndani karatasi ambayo lebo zake nyingine umeshazibandua. Gundi iliyo wazi ikigusa drumu, ile silinda ndani ya printa inayopeleka wino kwenye karatasi, utalipa zaidi ya bei ya boksi zima la disketi.

Uandike nini? Acha maua na jina la duka. Weka namba kubwa, jina la shule, majina ya mafaili kama yalivyo kwenye disketi, idadi ya rangi za uzi, tarehe uliyohifadhi, na kama ujazo wa disketi ni KB 720 au MB 1.44. Hilo la mwisho ni muhimu mno kwako, maana mashine nyingi za zamani za kudarizi hazikubali ile ya MB 1.44. Ukishazitenganisha kwa macho hutaingiza disketi kwa kubahatisha, na kila safari ya kuingia na kutoka inachakaza. Sony iliacha kuziuza mwaka 2011, kwa hiyo ulizonazo zitunze sana.

Tena, fundi, nunua draivu ya disketi ya USB, uhamishie nembo zako kwenye kompyuta wiki hii hii. Kabla ya kuingiza disketi, telezesha kile kitufe cha pembeni hadi tundu libaki wazi, hapo haiandikiki. Baadhi ya mashine hupanga data kwa mtindo wake, na kompyuta itakuuliza kama uifomati disketi. Kataa. Ukikubali, nembo zote zimefutika.

SWALI: Mwalimu, baba ametuachia disketi kubwa zile laini, za inchi 5.25, hazina lebo. Naweza kuandika juu yake kwa kalamu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usiandike juu ya disketi yenyewe kwa kalamu ya wino mgumu wala penseli. Ganda ni laini, na mkandamizo unafika kwenye sahani iliyo ndani. Chapa au andika lebo ikiwa bado kwenye karatasi yake, ndipo uibandike juu, upande unaoingia mwisho kwenye draivu. Pembeni kuna pengo dogo la mraba: ukiliziba kwa kipande cha utepe, disketi haiandikiki tena. Ni kinyume cha zile ndogo. Ziba yote kabla hujamkabidhi mtu yeyote akusomee.