Unatafuta ukoo wa kabaila wa Kiingereza? Fuata shamba, achana na jina

Watu wananiuliza nawezaje kukaa jioni nzima nasoma habari za makabaila wa Uingereza wa miaka ya 1700, watu ambao hata sio ndugu zangu. Jamani, umbea wao ni mtamu afu umehifadhiwa wote kwa maandishi! Kama na wewe unataka kuanza, ushauri wangu mkubwa ndo huo hapo juu: fuata shamba. Jina litakuzungusha hadi uchoke.

Mchukue Thomas Brodnax wa Godmersham, kule Kent. Mwaka 1727 akapata urithi kwa ndugu zake wa ukoo wa May, sharti abadili jina, basi akawa Thomas May. Mwaka 1738 ukaja urithi mwingine, shamba la Chawton kule Hampshire, wenyewe ni ukoo wa Knight, akabadili tena akawa Thomas Knight, na kila mara ni sheria inapitishwa Bungeni kabisa kwa ajili ya mtu mmoja. Inasemekana kuna mbunge alichoka akasema bora wapitishe sheria moja tu, bwana huyu ajiite anavyopenda. Sasa wewe nenda katafute ubatizo wa Thomas Knight uone kama utampata.

Na Elizabeth Knight aliyemiliki Chawton kabla yake aliolewa mara mbili, waume wote wawili wakachukua jina la Knight. Mwenye mali ndo mwenye jina, hakuna mjadala.

Haikuishia hapo. Mtoto wa huyo Thomas wa majina matatu, naye Thomas, hakujaliwa kuzaa, akamchukua Edward Austen, mtoto wa mchungaji, ndugu wa mbali tu. Mama mlezi alipofariki 1812 Edward akawa Knight, na watoto wake 11 wakawa Knight, huku dada yake Jane Austen, yule mwandishi, akabaki Austen, na anaishi kwenye nyumba aliyopewa na kaka yake huyohuyo palepale Chawton! Picha ya jumba la Godmersham iko hadi kwenye noti ya pauni 10, ukiwa nayo mfukoni itoe uangalie.

Kwa hiyo anza na wosia. Kabla ya 1858 wosia zilipitia mahakama za kanisa, na za matajiri wengi zilienda ile ya Askofu Mkuu wa Canterbury, sasa ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Kew, London, na unaweza kutafuta mtandaoni. Humo utaona nani kapewa shamba, kwa sharti gani, na akifa bila mtoto linaenda kwa nani, yaani ukoo mzima umewekwa mezani. Afu nenda ofisi ya nyaraka ya kaunti uulizie hati za mashamba. Rejista za parokia, zilizoanza 1538, mimi naziacha mwisho, zinakupa tarehe tu bila stori.

Na hizo tarehe nazo uwe makini, maana Uingereza kabla ya 1752 mwaka wao ulianza Machi 25. Utakuta wazazi wamefunga ndoa Mei 1730 na mtoto kabatizwa Februari 1730, unaanza kuita watu waje waone aibu ya wakubwa, kumbe Februari ile kwetu ni ya 1731, miezi tisa halali kabisa.