Maswali ya Barabarani: Tukipita kwa mzee mwenye pikipiki za zamani

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwendesha boda wa Busia, upande wa Uganda. Mwezi ujao mimi na shemeji yangu tunakwenda Kampala, kila mtu na Boxer yake. Abiria wangu mmoja aliniambia nje ya Jinja kuna mzee aliyehifadhi pikipiki za zamani bandani kwake. Tungependa kupita. Je, kuna kiingilio? Tunaruhusiwa kuzipanda? Na kuna nini cha kuangalia, maana mimi pikipiki naziona kutwa kucha?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Huyo mzee namfahamu, nilipita kwake msimu wa mvua uliopita. Pale si makumbusho. Ni banda la mabati nyuma ya nyumba, zamani lilikuwa la kuku, na kuku wenyewe bado hawajakubali kuhama. Hakuna kiingilio wala kibao. Piga simu siku moja kabla. Ukifika mwamkie kwa Kisoga, “Kodheyo”, ukae, unywe chai. Atasimama mwenyewe aseme twendeni. Ukimtangulia kwenda bandani, umeharibu.

Ziko saba, na nne kati ya hizo ni mifupa tu. Wageni wengi hukimbilia ile kubwa iliyo mlangoni kwa sababu inang'aa. Wewe ipite. Nenda kwenye BSA Bantam ya kijani kilichopauka, injini cc 123, gia tatu. Waingereza walianza kuiuza mwaka 1948, lakini mchoro ni wa Wajerumani, wa DKW RT 125, uliochukuliwa kama fidia ya vita. Harley-Davidson wa Marekani nao waliunda pikipiki kutokana na mchoro huohuo. Waingereza waliugeuza kama sura kwenye kioo, kulia kukawa kushoto, ili gia ikae mguu wa kulia kama walivyozoea wao.

Na hilo ndilo linanileta kwenye swali lako la kupanda. Kukaa juu yake mpigwe picha, ombeni, hatakataa. Kuiendesha, hapana, hata akikubembeleza. Mimi niliyezeeka na spana mkononi nilikubali. Nikapiga kiki, ikawaka, nikazunguka uani najisikia bwana mkubwa. Mbuzi akakatiza. Nikakanyaga kwa mguu wa kulia. Kwenye Boxer yako hapo pana breki. Kwenye Bantam hapo ni gia, breki iko kushoto. Tukaishia kwenye mihogo ya mama mwenye nyumba. Mashine haikupata hata mkwaruzo, ila mashina sita ya mihogo yaling'oka, na yule mama aliyahesabu mbele yangu.

Ya pili ni Honda C50 nyekundu, ya ukoo wa Super Cub ulioanza mwaka 1958. Shika usukani wake, tafuta klachi kwa mkono wa kushoto. Huioni. Inajiachia yenyewe unapokanyaga gia. Mjomba wangu, katekista, alizungukia vigango vyake vyote kwa Honda ya namna hiyo, mkono mmoja ukiwa umeshika Biblia. Kufikia mwaka 2017 Honda walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo, kwa hiyo si adimu duniani, lakini inayowaka kwa kiki ya kwanza ni nadra. Mwambie akuonyeshe.

Usimuulize bei ya kitu chochote. Muulize spea alizipata wapi, na uwe na subira, maana hapo mnaweza kukaa hadi jioni. Nawe una chako cha kumpa. Unatoka Busia, kwenye baiskeli za kuvusha watu mpakani zilizozaa jina boda boda. Anazipenda hadithi hizo.

Pesa usimwekee mkononi. Mpelekee oili ya kuchanganya na petroli. Bantam hunywa vyote viwili kwenye tangi moja, na siku hizi boda karibu zote ni za kumwaga oili kwenye injini, kwa hiyo maduka mengi ya spea hayaiweki. Ulizia kwa wauzaji wa misumeno ya kukatia miti. Lita moja inamtosha kwa muda mrefu.

Yule mama naye mpelekee sukari. Akikuuliza nani amewaelekeza, usinitaje.