Mkataba unasema laki nane, mbona imeingia 540,000?

SWALI: Habari za kazi mhasibu. Nimemaliza chuo mwaka jana nikapata kazi Dar, mkataba umeandikwa laki nane ila mshahara wa kwanza imeingia 540,000. Bosi anasema ni makato ya kawaida. Chuo nilikuwa napata bumu. Je nimepigwa? Na wanaposema mfumuko wa bei ni asilimia 3, mbona mimi hela inakata tarehe 18?

JIBU: Hujapigwa mdogo wangu, hesabu yako imekaa sawa kabisa, tatizo ni kwamba chuoni hakuna anayewafundisha kusoma slipu ya mshahara.

Chukua slipu twende pamoja. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, hiyo 80,000, na mwajiri kwa kawaida anaweka 10 yake juu ambayo haitoki kwako. Inabaki 720,000 na hapo ndo TRA wanaanza kukata PAYE, yaani kodi ya mshahara, sio kwenye laki nane nzima, wengi hapa wanachanganya. Kwa viwango vya Bara vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haikatwi kitu, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8 ambayo ni 20,000, na ile 200,000 iliyobaki inakatwa asilimia 20 yaani 40,000. Jumla PAYE 60,000. Halafu Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000, hiyo ndo bumu lako linarudi. Toa zote, 540,000.

Kitu kimoja naomba ufanye wiki hii hii, omba NSSF taarifa ya michango yako uone kama hela inafika kweli, na Bodi uone deni linapungua. Kukatwa kwenye slipu ni kitu kimoja na kupelekwa ni kingine, nimeona watu wanakuja kugundua wakati wanaacha kazi, inauma sana.

Sasa kuhusu tarehe 18. Nadhani kinachokumaliza ni kodi ya nyumba ya miezi sita. Chumba cha 80,000 kinaonekana rahisi, lakini mwenye nyumba anataka 480,000 kwa mkupuo, huo ni karibu mshahara wako mzima, kwahiyo mwezi huo unakopa na miezi inayofuata unaishi kwa kulipa madeni. Siku mshahara ukiingia toa 80,000 kwanza, weka akaunti nyingine isiyo na kadi, kabla ya luku, kabla ya bando, kabla ya michango ya harusi ya mtu wa ofisini.

Ile asilimia 3 ya NBS, ofisi ya takwimu ya taifa, sio uongo, ila ni wastani wa kapu la nchi nzima, na kwenye lile kapu chakula ni kama asilimia 28 tu. Wewe kwa mshahara huu chakula na daladala vinaweza kula nusu ya hela, kwahiyo mchele na mafuta ya kula vikipanda wewe unaumia kuliko hiyo namba. Na mfumuko ukishuka haimaanishi bei zinashuka, zinaendelea kupanda ila taratibu zaidi.

Ndo maana wakikuongeza mshahara usishangilie asilimia. Mfano wakupe asilimia 5, inakuwa 840,000. NSSF 84,000, PAYE 67,200, Bodi 126,000, mkononi 562,800. Yaani wao wameongeza 40,000 wewe umepata 22,800. Kama chakula kilikuwa 200,000 kwa mwezi na kimepanda asilimia 10, 20,000 imeshaondoka hapo hapo, umebaki na 2,800.

Kwahiyo andika bei za vitu vyako kumi unavyonunua kila mwezi, kilo ya mchele, lita ya mafuta, nauli, gesi, na usizifute. Siku ya kuongea na bosi nenda na hiyo karatasi, na hesabu yako ianzie kwenye hela inayofika mkononi ndo urudi nyuma kutafuta ya mkataba.