Kabla hujaandika "haifanyi kazi": kwa mnaoanza na saundi za Linux

Poleni na baridi wadau, huku Uyole, Mbeya, mwezi wa saba ukishika stendi ya maiki asubuhi unahisi umeshika barafu. Leo nataka niongee na wadogo zangu mnaoanza kurekodi kwa programu huria za Linux, Ardour, Audacity na wenzake, maana kila wiki napokea meseji mbili tatu za kuomba msaada na karibu zote zina kasoro ileile, ya kulalamika bila kueleza kilichotokea, na kasoro hiyo hata mi nilikuwa nayo miaka mingi tu.

Nianze na ya mwalimu mmoja wa kwaya toka Tukuyu. Jumamosi usiku kanitumia voice note ya dakika nne, nusu nzima analalamika tu, "fundi hii programu yako imeniharibia kwaya, wanaimba kama katuni, tuna uzinduzi kesho kutwa". Nikamjibu shikamoo mwalimu, pole sana, hebu nieleze umefanya nini toka umewasha kompyuta mpaka umesikia hizo katuni. Akasema hakufanya kitu, kafungua tu. Nikamuuliza ulipofungua hakukutokea maandishi yoyote? Kimya. Baadae kidogo, "yalitokea yale ya kizungu nikabonyeza tu yaondoke".

Sasa hapo ndo penyewe. Kazi ilirekodiwa kwenye laptopu ya mtu mwingine kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, yeye kaenda kuifungulia kwenye mashine yake ambayo JACK, ile programu inayogawa sauti ndani ya kompyuta, ilikuwa inakimbia kwa 48,000, na Ardour yake ilikuwa toleo la 5, la zamani kidogo. Programu ilimwambia kabisa kwamba namba hizi mbili haziendani na sauti inaweza kutoka kwa kasi isiyo sahihi, ikampa na chaguo la kutofungua. Yeye kalazimisha. Ukigawa 48,000 kwa 44,100 unapata kwamba kila kitu kinaenda haraka kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda karibu noti moja na nusu kwenye piano, ukihesabu na zile nyeusi, kwahiyo besi wa Tukuyu akawa sauti ya tena (tenor) na soprano wakawa panya. Tukarudisha JACK kwenye 44,100, dakika mbili, kwaya ikarudi kuwa kwaya. Hakuna kilichoharibika.

Na msimcheke mwalimu, mi yangu ilikuwa mbaya zaidi. Nikiwa mgeni umeme ulikatika katikati ya kurekodi, nilikuwa natumia desktopu haina betri, ulivyorudi nikafungua Ardour ikaniambia inaonekana tulikuwa katikati ya kurekodi kompyuta ikazimika, je niokoe sauti iliyonaswa au niachane nayo. Nikabonyeza kuachana nayo kwa sababu nilitaka kuendelea haraka! Halafu jioni nikakaa nikaandika ombi refu kwa watengenezaji, kwa hasira, kwamba sisi tunaoishi na mgao wa umeme tunahitaji programu inayookoa kazi yenyewe. Jibu lilikuwa mstari mmoja wa heshima tu, kwamba hiyo ipo na inakuuliza ukifungua. Aisee niliona aibu peke yangu chumbani.

Kwahiyo kabla ya yote, maandishi yakitokea yapige picha. Hata kwa simu, hata ikiwa imepinda. Kizungu kama kinakupiga chenga mtumie mtu akusomee, ila usiyafukuze.

Kitu kingine kinachowachanganya wageni ni kutojua unamlaumu nani. Saundi ya Linux ina ngazi. Chini kabisa kuna ALSA, hiyo iko ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na ndo inaongea na kadi ya sauti au intafesi yako ya USB, kile kisanduku cha kuchomekea maiki. Juu yake kuna mgawaji, zamani ilikuwa PulseAudio kwa mambo ya kawaida na JACK kwa watu wa studio, siku hizi PipeWire inafanya kazi za wote wawili, Fedora, moja ya aina za Linux, waliiweka kuwa ya kawaida kwenye toleo la 34 mwaka 2021 na wengine wakafuata. Juu kabisa ndo kuna programu unayoiona kwa macho. Sasa mtu intafesi yake haionekani anaenda kuwashambulia watu wa Audacity, wakati hao hawahusiki kabisa. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika arecord -l, kama intafesi haipo kwenye ile orodha basi tatizo liko chini, angalia waya, angalia tundu la USB, jaribu bila hub, ndo uanze kufikiria draiva. Ikiwa ipo kwenye orodha ila programu haiioni, panda ngazi moja. Nimeshamuona kijana wa pale Mwanjelwa kabadilisha mfumo mzima wa uendeshaji mara mbili, bando limeisha, kumbe waya wa USB ulikuwa wa kuchajia simu tu, haupitishi data.

Mikwaruzo nayo, zile xrun, pale kompyuta inapochelewa kushughulikia sauti. "Sauti inakatakata" peke yake haimsaidii mtu. Sema bafa yako ni ngapi, yaani kompyuta inakusanya sampuli ngapi kabla ya kuzipitisha. Bafa ya 256 kwenye 48,000 ni kama milisekunde 5, ya 1024 ni kama 21, maana yake kompyuta inapewa muda zaidi wa kupumua. Kama ukipandisha mpaka 1024 mikwaruzo inaisha, basi mara nyingi mashine yako ndo imechoka au iko kwenye hali ya kubana umeme, au mtumiaji wako hayumo kwenye kundi la audio kwahiyo programu hairuhusiwi kupewa kipaumbele. Na kama unamiksi tu, hurekodi mtu, 1024 iache hapohapo, hiyo fahari ya bafa ndogo ya nini.

Halafu toleo. Andika toleo la programu, umeipata wapi, na distro gani, yaani aina ya Linux unayotumia. Watengenezaji wakisikia umeichukua kwenye hazina ya distro wanaweza kukwambia ujaribu kwanza ile waliyoijenga wao, watu huwa wanaona wamefukuzwa, hapana, ya distro inaweza kuwa ya miaka miwili nyuma na tatizo lako lilishatibiwa zamani. Ila ya Ardour iliyojengwa tayari wanaomba uilipie chochote, ile ya majaribio ya bure ukiitumia ikifika dakika 10 inanyamaza. Nimeshaletewa hiyo nayo kama hitilafu, "fundi kila ibada inazimika kwenye matangazo".

Tuje kwenye kuomba vipengele vipya, huku ndo nimejifunza kwa kupigwa. Ombi langu la kwanza kwa programu moja, sitaitaja, lilikuwa "wekeni kitufe cha kukata". Wakaniuliza kukata nini. Nikaona wananizungusha. Mmoja wao akaja na swali ambalo sijalisahau, akasema achana na kitufe kwanza, niambie siku yako ya kazi inakwendaje. Nikaeleza: kwaya inakuja saa tatu asubuhi, wametoka mbali na nauli wamechangishana, hawawezi kusimama na kuanza upya kila wimbo, kwahiyo nawasha kurekodi mara moja na inakimbia mpaka saa saba, nyimbo kumi na maombi katikati, na mwisho nahitaji mafaili kumi. Alivyoelewa tu hilo akanionyesha kwamba njia ipo, unaweka alama ya mwanzo na mwisho kwa kila wimbo, unaipa jina, halafu wakati wa kutoa unazichagua zote kwa pamoja. Ardour nayo inafanya hivyohivyo. Kitufe nilichokuwa nakidai kingenichelewesha kuliko hiyo.

Toka hapo nikiandika ombi naeleza kazi, siyo kitufe. Ombi moja kwa ujumbe mmoja. Natafuta kwanza kama kuna mwenzangu kashaomba. Na siandiki "kila mtu anahitaji hii", maana hujaongea na kila mtu, umeongea na watu wawili Mafiati. Wengi wa wale jamaa wanafanya usiku baada ya kazi zao za mchana, ukimya wa wiki tatu siyo dharau.

Na kukataliwa kupo. Niliomba muonekano mwepesi kwa ajili ya walimu wa kwaya, wakakataa, wakasema wapiga gitaa nao wataomba wa kwao, wa redio wa kwao, hawataweza kuitunza yote. Niliumia siku mbili. Baadae nikatengeneza tu kiolezo, kazi tupu yenye njia nne zilizoandikwa soprano, alto, tena, besi, na moja ya kinanda, 48,000 imeshawekwa, nikaihifadhi kwenye flashi. Mwalimu wa Tukuyu anayo. Flashi yenyewe sasa hivi iko Makambako, aliyeichukua kasema atanitumia kwa basi Ijumaa, hii ni Ijumaa ya tatu.